Wapangaji Hewa Ndani ya Mashine

Yale maneno ya mandazi niliyaandika mimi. Si shetani, si hitilafu ya stima, wala si ule uvumi kwamba chumba cha kompyuta kina jini anayependa baridi. Ni mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niliyeletwa pale ofisini likizo ya Aprili kuchana karatasi za printa, nikajikuta nimekalia kiti cha msimamizi wa kompyuta wakati mwenyewe ameenda msalani. Nilikuwa nimemwona akituma tangazo kwa skrini zote kwa mpigo mmoja. Nami nikatuma langu: CHAI TAYARI. LEO KUNA MANDAZI MOTO.

Laiti mngeona. Ofisi nzima ilisimama kama kanisa wakati wa kusomwa Injili. Watu wazima, wenye watoto na miwani, wakasukuma viti, wakazima skrini zao, wakaelekea jikoni kwa mwendo wa kujifanya hawana haraka. Huko walimkuta mama wa chai akichambua mchele wake wa nyumbani, sufuria hata haijatiwa maji.

"Mandazi?" aliwauliza. "Nani amewaambia nina mandazi? Mnaniona mimi ni hoteli?"

Wakarudi wakinung'unika, wakawasha, wakaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nyuma ya rundo la karatasi, nimeuma kola ya shati nisicheke. Baadaye saa ya chai ya kweli ikafika, wakaenda tena, wakarudi tena. Na kabla ya chakula cha mchana mashine nzima ikafa.

Kicheko kilinikauka hapo hapo, kwa sababu skrini ya kwanza kuganda ilikuwa ya Mama.

Mama ndiye aliyenitafutia kile kibarua. Ofisi yenyewe ilikuwa Indastrial Eria, ng'ambo ya reli, na kazi yake ilikuwa kuvipigia viwanda vya jirani hesabu za mishahara. Kila asubuhi tulitoka estate yetu nyuma ya Jogoo Road, tukaingia kwenye mkondo wa watu wanaovuka reli kwa miguu, Mama akiwa mbele na viatu vyake vya njiani, vile vya ofisini vikiwa ndani ya mfuko. Miaka mingi alikuwa taipisti. Halafu taipureta zikafungiwa stoo, akafundishwa kompyuta asubuhi moja, akaambiwa yuko kwenye majaribio. Nyumbani, Baba alikuwa amepumzishwa na karakana, anasoma gazeti lile lile mpaka jioni. Kwa hiyo aliyekuwa na kazi kwetu ni mtu mmoja tu, na kazi hiyo ilitegemea kama Mama ataonekana rafiki wa mashine au adui yake.

Na watu walikuwa wameshaanza kusema ni adui. Kwa wiki kadhaa mashine ilikuwa inaamka vizuri, inachoka baada ya lanchi, na ikifika jioni inaganda. Kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea, inarudiwa kesho. Na kila mara skrini ya kwanza kuganda ni ile ya Mama. Meneja alisema labda anavipiga vibonye kama anayetwanga, ile tabia ya taipureta. Alisema pia kwamba Ijumaa ataamua kama Mama anabaki au anaenda. Stoo ya taipureta ilikuwa na kufuli, hapakuwa na kazi ya kurudia. Na siku yangu ya mandazi ilikuwa Alhamisi.

Nieleze mashine yenyewe, maana hata mimi nilidhani kila meza ina kompyuta yake. Kumbe wapi. Kompyuta ilikuwa moja, kabati refu lililokaa peke yake ndani ya chumba chenye baridi ya mochari. Mezani kulikuwa na skrini, vibonye na waya, basi. Lakini ukikaa pale na kujiandikisha, mashine inakupimia chumba cha kubuni ndani ya memori yake, nawe unafanya kazi ukiamini una kompyuta nzima. Ni kama zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, zilizogawanywa kwa pazia: huku familia hii, kule familia ile, na kila mtu akitoka nje anasema "kwetu". Sasa, vyumba hivyo vilikuwa na programu ndogo ya kuvigawa na kuvikusanya, iliyofanya kazi chini kwa chini mchana kutwa bila mtu kuiona. Mimi niliiita keyateka, kama yule mtunza ploti anayewapa wapangaji vyumba. Jina lake halisi lilikuwa herufi tatu na namba, jina la kitu kisicho na mama.

Msimamizi aliitwa Mwalimu na ofisi nzima, kwa sababu ndiye aliyewafundisha kompyuta. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Baada ya mashine kufa aliniita.

"Ni wewe wa mandazi?"

"Mandazi gani, Mwalimu?"

"Kijana."

"Ni mimi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniangalia usoni, aliviangalia viatu vyangu, na hiyo kwetu ni mbaya kuliko kofi.

"Basi Mwalimu," nikasema, "mwambie meneja mimi ndiye nimeiua. Si Mama."

"Sentensi moja haiwezi kuiua mashine hii. Kama ingekuwa inauliwa na upuuzi, ungeiua siku ya kwanza." Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Kuna kitu ndani yake kinavuja memori. Kinachukua na hakirudishi. Nimekitafuta mpaka macho yanauma. Lakini haijawahi kuishiwa mapema hivi. Kwa nini leo? Leo kuna nini?"

Hakuwa ananiuliza mimi. Alikuwa anauliza ukuta. Alipoiamsha mashine tena, akanikalisha mbele ya skrini yake, kile kile kiti cha dhambi.

"Unaona hiyo namba? Hiyo ni memori iliyobaki. Mimi nasoma programu, wewe tazama namba. Ikianguka, niite. Na mikono yako, ikalie."

Nikaikalia.

Nilitegemea kuona namba ikididimia polepole, kama maji kwenye debe lenye tundu, maana si ameniambia inavuja? Haikuvuja. Watu walifanya kazi, namba ikawa inapanda kidogo na kushuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala. Halafu ghafla likaanguka pande zima. Ikatulia. Baadaye likaanguka pande lingine, ukubwa ule ule. Hii si kuvuja, nikajiambia. Huyu ni mtu anakata nyama buchani.

Pande lililofuata lilipoanguka, nilisikia sauti nyuma yangu: tak.

Ilikuwa swichi ya ukutani, karibu na meza ya Mama. Alikuwa amerudi kutoka msalani, amewasha skrini, anajiandikisha upya.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Mama na swichi. Katika ploti yetu mita ya stima ni moja na familia ni nyingi, kwa hiyo kuacha taa inawaka mahali pasipo na mtu si kusahau, ni kukosa adabu. Mama huzima kila kitu, na hukizima ukutani. Huzima redio mpira ukiwa golini kwa sababu umeinuka kuchota maji. Siku moja alizima taa nikiwa bafuni, nikapiga kelele, akanijibu kupitia mlango kwamba mwili wangu ninaujua. Na si yeye peke yake, akina mama wote wa ploti ni hivyo, na watu wote wa ofisi ile walitoka kwenye ploti kama zetu. Tofauti ni kwamba Mama alikuwa ameambiwa na daktari anywe maji mengi kwa ajili ya figo. Basi siku nzima ilikuwa ni kuinuka, tak, kwenda, kurudi, tak.

Nikaendelea kutazama. Dada wa meza ya dirishani, aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu, akainuka. Yeye aliandika kwanza neno fupi, lile neno la kuiaga mashine, ndipo akazima. Namba yangu ikapanda, pande zima likarudi. Mzee wa meza ya kona akaenda kuvuta sigara. Tak, bila kuaga. Namba haikupanda. Aliporudi na kuwasha, ikaanguka.

Nilikuwa nimeelewa.

Keyateka alikuwa anangoja kuagwa. Mpangaji akizima na kuondoka kimya, keyateka anaacha chumba chake kimefungwa, anaamini mwenyewe yumo. Mpangaji akirudi, badala ya kufunguliwa chumba chake cha zamani, anapewa kipya. Kufikia jioni mashine imejaa wapangaji hewa, vyumba na vyumba visivyo na mtu, na anayebisha wa mwisho anakosa pa kuingia, skrini yake inaganda. Aliyekuwa akitoka na kubisha kuliko wote ni Mama. Mimi na mandazi yangu tulikuwa tumeitoa ofisi nzima nje kwa mara moja ya ziada, ndiyo maana nyumba ikajaa mapema.

"Umeona kitu?" Mwalimu akaniuliza, kichwa kikiwa ndani ya karatasi zake.

"Sijaona kitu, Mwalimu."

Ningesema nini? Kwamba meneja alikuwa sahihi? Kwamba anayeimaliza mashine ni Mama, na Ijumaa ni kesho?

Wakati wa lanchi tulikaa kwenye benchi nyuma ya ofisi, tukala githeri kutoka kwenye mkebe mmoja.

"Mama, mchana huu ukiinuka, usizime skrini."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Iache tu ikiwaka."

"Umeanza kulipa stima lini?"

"Si stima yetu, Mama."

"Aa. Ya wenyewe ndiyo ya kuharibu?" Akacheka, akanisukumia mahindi upande wangu.

"Basi aga kwanza. Andika lile neno mlilofundishwa."

"Niage chuma?" Sasa alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Asubuhi nilifika nikaisalimia? Imenijibu? Kula, wewe."

Na huyu ni mwanamke ambaye akitoka kwa jirani huaga sebuleni, huaga mlangoni, huaga tena getini mpaka mboga ya kwetu inaungua. Lakini chuma, hapana.

Mchana nikajaribu hila. Nilisogeza marundo ya karatasi mpaka yakafunika swichi yake. Akayasogeza. Nikaenda nikaegemea ukuta wenyewe, mgongo juu ya swichi, nikijifanya nafikiri.

"Toka hapo," Mama akasema. "Umesimama kama koti kwenye msumari."

Watu wakacheka. Kwa kawaida mimi ndiye huwachekesha. Nikatoka. Tak. Nikarudi kwenye kiti changu na kulitazama pande likianguka.

Jua lilipoanza kuingia kwa dirisha la upande wa pili, Mwalimu alikunja karatasi zake. "Mimi nimeshindwa," alisema polepole, Mama asisikie. "Kesho nitamwambia meneja sikupata. Ataamua anavyotaka." Akaiangalia meza ya Mama. "Mamako ni mtu mwema sana. Sijui kwa nini mashine hii inamchukia."

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Haimchukii, Mwalimu. Inamngoja."

Nikamwambia yote. Yalinitoka bila kichekesho hata kimoja, na nadhani hiyo ndiyo sababu aliniamini. Nilimwambia habari ya mita ya ploti, ya maji ya daktari, ya dada wa dirishani anayeaga na mzee wa sigara asiyeaga. Mwishoni nikamshika mkono, kitu ambacho mwanafunzi hafanyi.

"Lakini kosa si la Mama. Taa imezimwa, mtu hayupo, keyateka gani huyo anasema bado yumo?"

Mwalimu alivuta kiti mbele ya namba. Kisha akasema, "Fanya nione."

Nilienda kwenye meza isiyo na mtu, nikawasha na kujiandikisha kama alivyonielekeza, nikazima ukutani, nikawasha, nikazima, nikawasha. Yeye akawa anatazama namba. Niliporudi alikuwa ameweka mikono kichwani.

"Niliwaambia waage," alisema. "Ile asubuhi moja niliyowafundisha. Nikawaambia mara moja, nikakimbilia jambo lingine. Na mimi kwangu nazima ukutani hivyo hivyo."

Akakunjua tena zile karatasi ndefu zenye programu ya keyateka, akateremka nazo kwa kidole. Hapa anagawa chumba. Hapa anakikusanya. Anakikusanya pale tu neno la kuaga linapofika. Kwa mtu aliyetoweka hapakuwa na mstari hata mmoja. Aliyeitunga, Mwalimu alisema, lazima alikaa nchi ambako skrini haizimwi.

Alianza kuandika. Wazo lilikuwa rahisi: meza ikibisha, keyateka aangalie kwanza kama ana chumba cha zamani cha meza hiyo hiyo, akikusanye, ndipo atoe kipya. Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Nilizima na kuwasha, na upande wa dirishani tukasikia, "Nani amenifukuza? Nilikuwa katikati ya jina la mtu!" Keyateka mpya alikuwa na bidii kupita kiasi, alikusanya chumba cha jirani chenye mtu ndani. Mwalimu akaomba radhi, akafuta, akaandika upya. Mimi nikarudi ukutani. Zima, washa. Namba ikapanda, ikaanguka. Zima, washa. Ikapanda, ikaanguka. Niliendelea mpaka kidole kikawa na alama ya swichi, na memori ilikuwa bado iko pale pale tulipoianzia.

Mama alikuwa ameketi na mfuko wake mapajani, akingoja tuende nyumbani. Aliangalia swichi, akaniangalia mimi, akaangalia swichi tena. Tulitembea mpaka nyumbani bila yeye kuuliza.

Ijumaa meneja alikuja mapema. Mwalimu akamweleza pale pale mbele ya watu wote, na meneja akamgeukia Mama.

"Kwa hiyo kumbe ni yeye."

Nilitaka ardhi inimeze, niende nayo mpaka Njiru, huko mwisho wa jiji.

"Ni kila mtu anayezima bila kuaga," Mwalimu akasema, "na hapa ndani ni karibu wote. Yeye anakunywa maji zaidi tu. Programu ilikuwa na kasoro, na mimi niliwafundisha mbio mbio. Mama, tafadhali, inuka utoke kama kawaida yako."

Mama akainuka. Ofisi ilikuwa kimya hata printa ikasikika ikipumua. Akanyoosha sketi, akaufikia ukuta. Tak. Akatoka mpaka koridoni, akasimama huko kidogo, sijui alikuwa anaangalia nini, akarudi. Tak. Akajiandikisha. Mwalimu akaelekeza namba kwa kalamu: imepanda, imeanguka pale pale ilipokuwa.

"Tena," meneja akasema.

Mama akarudia. Halafu meneja mwenyewe akainama akazima na kuwasha, akazima na kuwasha, zaidi ya ilivyohitajika, kama mtoto aliyepewa tochi. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelegea.

"Jioni tutaona," alisema.

Siku hiyo watu walikunywa chai, walivuta sigara, Mama alikunywa maji yake yote. Lanchi ikapita. Ule wakati ambao mashine huanza kuchoka ukapita nao. Mimi nilichana karatasi mpaka mikono ikawa myeusi kwa wino, na kila printa iliponyamaza kidogo niliinua kichwa, kisha ikaendelea. Jioni skrini zote zilikuwa hai. Meneja alipita na koti lake mkononi, akasimama kwenye meza ya Mama.

"Mama, Jumatatu kazini," alisema.

"Ndiyo," Mama akajibu. "Jumatatu."

Meneja akaenda zake. Lakini nilimwona Mama akiingiza mkono chini ya meza na kuvishika viatu vyake vya njiani, akakaa navyo hivyo muda mrefu bila kuvivaa.

Tulivuka reli na watu wengine wa viwandani. Mimi niliongea njia nzima. Nilimwambia sasa amezaa injinia, kwamba anipe angalau heshima ya kuzimiwa redio mara moja tu kwa siku, kwamba keyateka wa kwetu naye tungempeleka kwa Mwalimu akarekebishwe. Niliigiza meneja akizima na kuwasha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea kando yetu akacheka. Mama hakucheka. Tulipita wauza sukuma wiki, tukapita wachoma mahindi, akaitikia salamu za watu wawili watatu, na mimi hakuniambia neno. Nikadhani bado ni yale mandazi.

Karibu na geti la estate alisimama, akahamishia mfuko mkono wa pili. Akasema:

"Jana mchana ulikuwa umeshajua, ukaniacha nikacheka. Siku nyingine ukijua ni mimi, niambie mimi kwanza."